Uji Mwepesi Katika Nchi ya Mahindi

Shemeji yangu wa Dar es Salaam haipendi baridi ya Mafinga, lakini mwezi wa saba ukifika anapanda huku hata kama anatetemeka, kwa sababu mahindi yameshaingia ndani. Siku ya kuondoka buti ya gari haifungi: gunia la mahindi, maharage, viazi mviringo, kabichi, parachichi, na kuku wawili waliofungwa miguu wakilalamika chini ya kiti. Mwaka mmoja, akiwa anakaza kamba ya gunia la mwisho, nilimwambia kwamba mkoa huu anaouhamisha kwa buti ndio unaoongoza Tanzania nzima kwa watoto waliodumaa. Akacheka sana. Alidhani namtania, maana shemeji hutaniwa.

Sikuwa namtania. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa nchi hii walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha miji ya wenzake ndiyo iliyoshika nafasi tatu za juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye zahanati za Mufindi na Kilolo, na sasa nalima na kulea wajukuu. Kila mgeni anayepandishwa huku kuonyeshwa tatizo hili huuliza swali moja, inawezekanaje, na kabla hajamaliza kuuliza kuna mtu ameshamjibu: elimu. Akina mama hawana elimu ya lishe. Jibu hilo nimelisikia tangu nikiwa msichana wa gauni jeupe, na nasema wazi kwamba limenichosha. Nenda asubuhi yoyote kwenye foleni ya kliniki, mguse bega mama mmoja aliyebeba mtoto, muulize makundi ya chakula. Atakutajia yote bila kukwama, pengine na wimbo wake. Halafu mwombe akufungulie chupa ya chai aliyoitia kwenye kikapu. Ndani yake kuna uji mwepesi wa sembe wenye sukari. Anajua, na bado amebeba uji mwepesi. Hapo ndipo maswali yangeanzia.

Kwanza tuelewane kuhusu kudumaa kwenyewe, maana wengi hukuchanganya na kukonda. Mtoto aliyekonda unamwona: mbavu zinahesabika, ngozi ya makalio imelegea, na utepe wa kupimia mkono ukiuzungusha unasoma nyekundu, chini ya milimita 115. Mwenye unyafuzi, ule tunaouita kwashakoo, naye anaonekana: miguu imevimba, nywele zimefifia, hataki kucheza, analia ukimgusa. Hawa wawili hukimbizwa hospitali. Aliyedumaa hakimbizwi popote. Mashavu yamejaa, anacheka, anakimbiza kuku uani. Ni mfupi tu kwa umri wake, na huwezi kulijua hilo mpaka umlaze kwenye ubao wa kupimia urefu, au umsimamishe kama ameshatimiza miaka miwili. Mvulana wa miaka miwili aliyekula vizuri huwa na sentimita 87 hivi. Akiwa chini ya 81, amedumaa.

Na kwenye kijiji ambacho zaidi ya nusu ya wenzake wako hivyo hivyo, nani atamwona? Mama yake anamlinganisha na mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani naye kadumaa. Nimeambiwa mara nyingi, "Mama Nesi, huu ni ukoo wetu, sisi ni wafupi." Shirika la Afya Duniani lilishalichunguza hilo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 walifuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, watoto walionyonyeshwa na kulishwa inavyotakiwa, na wakakuta kwamba katika miaka mitano ya mwanzo watoto wa mataifa hayo yote wanarefuka karibu sawasawa. Ukoo huja kujitokeza baadaye. Mtoto wa Kihehe na mtoto wa Norwe wakiwa na mwaka mmoja wanapaswa kulingana kwenye ubao.

Urefu nao ni dalili tu. Miezi ile ambayo mfupa haurefuki ndiyo miezi ambayo ubongo unajengwa, tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Kilichokosekana humo hakirudishwi kirahisi kwa kumjazia sahani akiwa darasa la tatu.

Basi turudi kwenye chupa ya uji.

Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo nane hawezi kumaliza zaidi ya kikombe kimoja kwa mkupuo, na hata akimaliza hujaribu kukurudishia. Uji mwepesi wa kunyweka, ule unaotiririka ukiinua mwiko, una kalori 30 au 40 hivi kwa kila mililita 100, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Kwa hiyo kikombe kizima kinampa mtoto kalori 80. Sasa, pamoja na maziwa ya mama, mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula kingine. Wa miezi tisa hadi kumi na moja anahitaji 300. Na akishatimiza mwaka ni 550. Fanya hesabu mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja anayelelewa kwa uji mwepesi angehitaji vikombe vinavyokaribia saba kila siku ya Mungu. Anapewa viwili, labda vitatu. Anashiba kila mara, analala vizuri, na mama ana haki ya kuamini kwamba mwanawe ameshiba. Tumbo lilijaa kweli.

Uji ule ule ukipikwa mzito, ukasimama kwenye kijiko, ukatiwa karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta, unafika kalori 100 kwa mililita 100. Vikombe saba vinageuka kuwa vitatu visivyojaa. Kwa nini basi mama haupiki hivyo?

Niliwahi kumuuliza mama mmoja kijijini, mwenye watoto wanne, mkulima wa viazi, mtu mwenye akili sana. Alinijibu bila kuacha kumenya. Uji mzito ukipoa unaganda, hautoki kwenye chupa. Uji mzito unataka kijiko, na kijiko kinataka mtu mzima wa kukaa na mtoto nusu saa, kumbembeleza, kumfuta, kungoja ameze. Yeye anatoka saa kumi na mbili asubuhi, shamba liko mbali, anarudi jioni. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba. Dada wa miaka saba anaweza kumimina uji mwepesi kwenye kikombe na kumnywesha. Kumlisha uji mzito kwa kijiko hawezi; akijaribu, nusu unaishia kifuani na nusu anakula mwenyewe.

Ule uji mwepesi, kumbe, ni ufumbuzi wa mama aliyekosa mikono na saa. Tunamfundisha kupika uji mzito, halafu tunamwacha na siku ile ile.

Kwa sababu hiyo mimi hupima ushauri wa lishe kwa swali moja: unampunguzia mama kazi au unamwongezea? Mwingi unamwongezea. Chukua ule unga wa lishe unaosifiwa kila mahali, nafaka saba kwenye kinu kimoja: mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga, na chochote muuzaji alichobakiwa nacho. Maofisa lishe wamekuwa wakiupinga kwa muda mrefu na wana sababu. Vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja, soya isiyoiva vizuri inasumbua tumbo, na karanga zikishasagwa pamoja na unga haziwekeki, zinachacha, na kama zilihifadhiwa kwenye unyevu zinakuja na sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye chakula, na 20 kati yao walikufa. Unga wa nafaka moja au mbili, na karanga ukazisaga kidogo kidogo na kuzitia wakati wa kupika, unatosha. Lakini pakiti ya nafaka saba ina picha ya mtoto mnene, na mama aliyeinunua kwa fedha nyingi huona ameshamaliza wajibu wake. Anaipika nyepesi ili idumu.

Kuna kitu kimoja ambacho kilinipa matumaini makubwa nikiwa kijana, nacho ni kimea. Kila bibi wa huku anayepika pombe ya komoni anakijua: unaloweka ulezi, unaufunika mpaka uchipue, unauanika, unausaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Alexander Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe na mwenzake wa Sweden, Ulf Svanberg, walionyesha kinachotokea ukikitia kwenye uji wa mtoto. Unapika uji mzito kabisa, karibu na ugali laini. Unauipua, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko kidogo cha kimea na kukoroga. Mbele ya macho yako, ndani ya dakika kama kumi, unalegea na kuwa uji wa kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Kimea kimekata ule wanga uliokuwa umeshika maji. Unaurudisha jikoni uchemke kidogo, na mtoto anakunywa kwa kikombe kile kile, kwa mkono wa dada yule yule, ila sasa kikombe kina mara mbili au tatu ya nguvu. (Kwa ulezi, lakini. Chipukizi za mtama zina sumu ya sayanidi, usizichezee.)

Ni jambo ambalo lilikuwa jikoni kwetu tangu zamani, kwenye togwa na kwenye pombe. Halikuenea nilivyotarajia. Kuandaa kimea ni kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo ile kazi tuliyoiondoa kwenye kulisha tuliirudisha kwenye kuloweka na kuanika. Na sifa yake ya pombe haikusaidia. Mchungaji mmoja alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza, kwa heshima zote, kama ni kweli serikali imetutuma tuwape watoto komoni.

Mwaka wa 1983 ulinikuta kwenye ajira yangu ya kwanza, na huku Iringa ulikuja na mambo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa, na mkoa wakati huo ulikuwa bado pamoja na Njombe. Tulitundika mizani kwenye tawi la mti, tukamvalisha mtoto kaptula ya kitambaa yenye kamba, akaning'inia akipiga mayowe, na mwenyekiti wa kijiji akasimama pale kusoma uzito pamoja nasi. Nasisitiza mwenyekiti. Zamani uzito wa mtoto ulikuwa siri ya mama na nesi. Sasa ulisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na wanaume wakaulizwa. Mtoto huyu yuko kwenye nyekundu, kwa nini? Mama yake ana kazi gani wiki hii? Nani anabaki naye? Kijiji kinafanya nini kabla hatujarudi kupima tena? Vijiji vingine vilifungua vituo vya kulelea watoto mchana, wakachanga unga na maharage, na mtoto akala mara mbili zaidi kabla mama hajarudi shamba.

Mwanzoni zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu. Kufikia mwaka 1988 walikuwa chini ya wanne katika kumi, na wale wenye hali mbaya kabisa, wale wa nyekundu, walipungua hata zaidi. Wataalamu walikuja kutoka kila pembe kutuangalia. UNICEF ilipotoa mwaka 1990 mchoro wake wa sababu za utapiamlo, ule unaofundishwa mpaka leo vyuoni duniani kote, ulikuwa na alama za vidole vya Iringa: kwamba mtoto hudhoofu kwa kukosa chakula, au kwa maradhi, au kwa kukosa matunzo, na kwamba kila kimoja peke yake kinatosha kumwangusha. Hilo la matunzo ndilo dunia ilijifunza kwetu. Ghala laweza kujaa na mtoto akakosa mtu wa kumlisha.

Sasa angalia tena ile asilimia 56.9.

Watu huniuliza kilitokea nini. Fedha za wafadhili ziliisha, mizani zikachakaa, mkutano wa kijiji ukarudi kwenye madai ya mipaka ya mashamba. Hayo ni kweli. Lakini pia tulikuwa tunapima uzito. Tulishughulika na mtoto aliyekuwa karibu kufa, na tulimwokoa. Ubao wa urefu haukuwepo chini ya mti ule, na yule mfupi mwenye mashavu alipita mbele yetu kila robo mwaka akiandikwa kijani.

Kwenye mambo ya maziwa ya mama nitapita haraka, kwa sababu hayo yanaenda vizuri kuliko mengine. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, ambayo nilipoanza kazi bibi wengi waliyakamua na kuyamwaga, leo karibu kila mtoto anayezaliwa zahanati anayapata. Kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine, hata maji, mpaka miezi sita, kumefika asilimia 64 nchini. Kinachotuangusha ni yale "matone" ya dawa ya chango mtoto akilia usiku, na ajira. Sheria yetu inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baada ya hapo saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Na huyo ni mwajiriwa. Kibarua wa kuchuma chai au wa kupanda miti hana hata hizo 84. Asipoenda, halipwi.

Ila kuna jambo la maziwa ambalo haliandikwi kwenye mabango, nalo limewaumiza watoto wengi kuliko chango. Kubemenda. Kwa asiyejua: inasemwa kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto anabemendwa, anadhoofu, analegea miguu. Kwa hiyo mtoto akianza kudhoofu, kila jirani ameshajua wazazi wamefanya nini. Wewe ungempeleka kliniki? Mama humficha ndani, humfunika khanga nzito, hutafuta dawa usiku, na mtoto huja kufika kwetu amevimba miguu. Na mama akipata mimba mtoto akiwa na miezi tisa, anamwachisha ziwa siku hiyo hiyo, kwa aibu na kwa imani kwamba maziwa yameharibika. Maziwa hayaharibiki kwa mimba. Mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha akiongezewa chakula. Lakini mtoto yule ametolewa kwenye ziwa na kukabidhiwa uji mwepesi, ghafla, kwa usiku mmoja.

Siwacheki wazee kwa imani hii. Waliona kitu cha kweli: mtoto anayefuatwa haraka na mdogo wake anadhoofu. Daktari Cicely Williams, aliyeuandika unyafuzi kule Ghana miaka ya 1930, aliwakuta na ugonjwa huo watoto wa namna hiyo hiyo, walioachishwa ziwa kwa sababu mdogo wao amekuja. Wazee waliona sawa wakataja sababu nyingine, na sababu waliyoitaja ikamtia mama kizuizini. Nikiwa kazini sikubishana nao. Niliwaambia bibi: sawa, kubemenda kupo au hakupo, mlete mtoto, dawa yake tunayo hapa. Wakaleta.

Na hapo niseme neno kwa wanaomuuguza mtoto wa namna hiyo wodini. Ndugu huja na supu ya kuku na kumlaumu nesi kwa kumpa mgonjwa maziwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Msimlaumu. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla, moyo unaweza kushindwa. Yale maziwa maalumu ya mwanzo hayakusudiwi kumnenepesha, yanamtuliza mwili. Chakula dawa, ile karanga laini ya pakiti yenye kalori 500, huja akishaanza kudai mwenyewe. Supu itakuja.

Tukirudi mezani kwa mtoto mzima: ukiacha uji, anakula nini? Ugali na mboga, na mchuzi wa maharage ambao yeye huchovyewa mchuzi tu, maharage wanakula wakubwa. Ni takriban mmoja tu katika watano, nchini kote, anayepata mlo wa kutosha kwa idadi na kwa aina katika umri wa miezi sita hadi ishirini na mitatu. Mayai yapo. Yanauzwa barabarani kwa abiria wa mabasi, na fedha zinanunua biskuti na juisi ya unga, vitu vya heshima vya kumpa mtoto. Yai lenyewe lingemfaa zaidi, ingawa sitalifanya dawa ya kila kitu. Huko Ekuado watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walirefuka waziwazi kuliko wenzao. Malawi walijaribu vivyo hivyo, hawakuona tofauti ya urefu. Watoto wale walikuwa wa karibu na ziwa, samaki walishakuwa sahanini. Kwa hiyo mimi sitetei yai kama yai. Dagaa wa Nyasa waliotwangwa wakawa unga, kijiko kimoja kwenye mboga, wanafanya kazi ile ile, hawaozi, na dada wa miaka saba anaweza kuwanyunyiza.

Halafu chai. Tuko Mufindi, chai iko mpaka kwenye kingo za barabara, na mtoto wa mwaka mmoja anapewa chai ya rangi asubuhi na kiazi cha kuchemsha. Chai inazuia madini ya chuma ya kwenye chakula yasiingie mwilini. Chuma ambacho mtoto alizaliwa nacho humwishia karibu na miezi sita, na nchini kwetu karibu watoto sita katika kumi wana upungufu wa damu. Mpeni maji. Mpeni parachichi, ambalo linaoza chini ya mti wakati kubwa lake limepelekwa Ulaya kwa ndege na meli. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, tafadhali msimpe. Najua mtogwa, ulanzi mbichi, ni mtamu na haujakolea, najua mlikunywa nanyi mkiwa wadogo. Asubuhi ni mtamu. Mchana kwenye jua umeshakuwa kitu kingine, na mtoto bado amekishika kikombe.

Serikali si kwamba imelala. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji bado ipo kwenye kalenda. Ugomvi wangu uko kwenye matumizi. Shilingi elfu moja ikienda kwenye semina nyingine, na mabango mengine ya makundi ya chakula, tutakuwa tumemfundisha mama kwa mara ya kumi kitu alichotutajia kwenye foleni. Ningependa iende kwa mtu mwenye kijiko mkononi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa mchana.

Kijijini kwetu tumeanza, bila mfadhili, na bila mpangilio mzuri sana. Mabibi watatu, mimi ni mmojawapo, tunakaa na watoto wa jirani msimu wa kulima kwenye banda lililokuwa la mbolea. Kila mama analeta unga wake, maharage yake, na kuni. Tunapika uji mzito saa nne, tunasaga maharage saa saba, kimea nakiandaa mimi kwa sababu wenzangu wanadai nina muda. Tumenunua vijiko. Baba mmoja, fundi wa mbao, ametutengenezea ubao wa kupimia urefu kwa vipimo nilivyompa, na tangu autengeneze amekuwa akimleta mwanawe mwenyewe kila mwezi na kusoma namba kwa sauti, hata tukimwambia ni mapema mno kuona mabadiliko.

Matatizo tunayo. Mama wawili wanaleta unga wenye wadudu, na hakuna anayethubutu kuwaambia kwa sababu mmoja wao ni mkwe wa mwenyekiti. Kuni zinazua maneno kila wiki: wenye watoto wawili wanaleta mzigo mmoja, wenye mtoto mmoja wanaona wanaonewa. Jumamosi tunakaa kikao, na safari hii tumewaita akina baba pia, tukawatumia ujumbe kwamba kila mmoja aje na panga.